Kiolesura chetu cha SOAP kinafanya kazi tangu 2011: tukibadilishe au tukiache?

Mlinzi_wa_Seva (Mbarara)

Ndugu wanajukwaa, hamjambo.

Naomba ushauri wenu juu ya jambo lililoigawa ofisi yetu tangu mwanzo wa mwaka. Mimi ni mmoja wa watu watatu tunaotunza mfumo wa hesabu wa vyama vya akiba na mikopo, yaani SACCO, katika wilaya kadhaa za magharibi mwa Uganda. Mfumo huo una kiolesura cha programu, au API kama wengi wetu tulivyozoea kuiita, kilichoandikwa mwaka 2011 kwa mtindo wa SOAP, utaratibu wa zamani wa programu kutumiana ujumbe. Kila ombi hufungwa ndani ya bahasha ya XML, yaani maandishi ambayo kila taarifa huzungushiwa lebo, na kutumwa kwenye anwani moja, na mkataba mzima, yaani maelezo ya maombi yanayoruhusiwa na sura yake, umo katika faili moja la WSDL. Kwa njia hiyo programu za nje husoma salio la mwanachama, huweka akiba, huandika marejesho ya mikopo na kuchukua taarifa za mwisho wa mwezi.

Programu hizo za nje, kwa orodha tuliyo nayo, ni 31. Chache tuliziandika wenyewe. Nyingi ziliandikwa na vijana waliopewa kazi ya miezi mitatu na chama fulani, wakalipwa, wakaenda zao, na baadhi yao hawapatikani tena hata kwa simu. Ziko zilizoandikwa kwa Visual Basic 6, ziko za PHP ya zamani, na ziko za simu za mawakala wanaozunguka vijijini.

Wenzangu wawili, ambao ni vijana kuliko mimi, wanataka tuandike kiolesura kipya cha REST, mtindo mwepesi unaofuata kawaida za wavuti, kinachotumia JSON, namna fupi ya kuandika data kuliko XML, tutangaze tarehe, kisha tukizime cha zamani. Wanasema kwamba kila mtu tunayemwajiri huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuizoea ile bahasha, kwamba XML inakula bando la mawakala, na kwamba wanaoandika programu za simu wanalazimika kuunganisha maandishi ya XML kwa mkono kwa sababu zana wanazozijua hazisomi WSDL. Mkuu wetu huwajibu kwa methali moja tu: usiache mbachao kwa msala upitao.

Nakiri kwamba mbachao wetu umetoboka. Kwanza, kiasi cha fedha kilitajwa katika mkataba kuwa nambari nzima ya biti 32, ambayo mwisho wake ni 2,147,483,647. Mwaka 2011 hakuna aliyedhani kwamba SACCO ya wafanyabiashara wa mji mmoja ingepita shilingi bilioni mbili na kitu, lakini ilipita, na asubuhi moja taarifa ikaonyesha kwamba chama kizima kina akiba hasi. Tulipachika kiraka ambacho naona haya kukieleza: jumla kubwa hugawanywa kwa elfu moja kabla ya kutumwa, na ni programu mbili tu zinazojua kuizidisha tena. Pili, nambari ya simu ya mwanachama nayo ilitajwa kuwa nambari, si maandishi, kwa hiyo sifuri ya mwanzo hupotea na kila programu hujiongezea sifuri au 256 ya Uganda kadiri ipendavyo. Tatu, na hili ndilo linaloninyima usingizi, ombi la kuweka akiba halina nambari ya kumbukumbu. Wakala akibonyeza, mtandao ukakatika kabla ya jibu kurudi, akabonyeza tena, mwanachama anajikuta ameweka mara mbili. Tunasahihisha kwa mkono kila jioni.

Je, tuandike kipya na kukizima cha zamani, tuviendeshe vyote viwili, au tukirekebishe hiki tulicho nacho? Ningependa kuwasikia hasa wale waliowahi kupita njia hii.

Fundi_wa_Bombo

Ndugu Mlinzi, kabla hujachagua upande, ningekusihi uyasome tena malalamiko yako matatu ya mwisho. Hakuna hata moja linalotokana na SOAP. SOAP ina nambari ya biti 64, ina maandishi ya kawaida, na haimkatazi mtu kuweka nambari ya kumbukumbu katika ombi lake. Aliyekosea ni mwandishi wa mkataba, na mkataba huohuo ukivishwa JSON utabaki na matundu yaleyale. Nimeona ofisi moja, ambayo sitaitaja, ikitumia miezi kumi na minne kuhamisha kiolesura chake kutoka XML kwenda JSON, neno kwa neno, na siku ya kuzindua malipo yaliyojirudia yakawa yanafika kwa haraka zaidi kuliko zamani.

Kwa hiyo ningetenganisha mambo mawili ambayo ofisini kwenu yamechanganywa. Kuna chombo cha kubebea ujumbe, na kuna maana ya ujumbe wenyewe. Malalamiko ya vijana wako yanahusu chombo. Yako yanahusu maana. Chombo kinachosha, lakini maana mbovu inawaibia watu fedha zao.

Kuhusu bando, pimeni kabla ya kubishana. Bahasha ya SOAP yenye ombi la salio huwa na mamia machache ya baiti zaidi ya JSON, lakini kufungua muunganisho mpya wa TLS, usimbaji unaolinda mawasiliano, pamoja na kutuma vyeti vya seva, hula kilobaiti kadhaa kabla salio halijatajwa. Ikiwa programu ya wakala hufungua muunganisho mpya kwa kila ombi, huko ndiko bando linakoishia. Zaidi ya hayo, XML ina maneno yanayojirudia sana na hivyo hubanwa vizuri kwa gzip, zana ya kupunguza ukubwa wa data. Jaribuni kuiwasha kwenye seva, ingawa programu za kale zisizojitambulisha kuwa zinaielewa hazitafaidika.

JSON nayo ina mitego yake. Haina aina ya tarehe, na haitofautishi nambari nzima na nambari yenye desimali. JavaScript, lugha ya programu za vivinjari, hushika nambari nzima bila kosa hadi 9,007,199,254,740,991 tu. Kwa shilingi zetu zisizotumia senti hiyo inatosha kabisa, lakini nambari ndefu za akaunti za tarakimu kumi na saba au kumi na nane zitaharibika bila mtu kuambiwa. Tena, WSDL yenu, pamoja na ubaya wake, hueleza wazi ni nini kinaruhusiwa, na ombi lisilofuata linaweza kukataliwa mlangoni. Mkiiacha, mtalazimika kuijenga tena kazi hiyo ya ukaguzi kwa mikono yenu.

Sasa nije kwenye jambo gumu zaidi. Mnadhani kiolesura chenu ni kile kilichoandikwa katika WSDL. Baada ya miaka yote hiyo, kiolesura chenu ni kila kitu ambacho programu yoyote kati ya zile 31 imewahi kukiona na kukizoea. Wahandisi hulijua jambo hili kwa jina la kanuni ya Hyrum: watumiaji wakiwa wengi vya kutosha, kila tabia ya mfumo inayoonekana itakuwa na mtu anayeitegemea, hata kama hukuiahidi. Mimi nilijifunza kwa aibu. Orodha ya wanachama wa kikundi ilikuwa ikitoka kwa mpangilio wa nambari za uanachama, si kwa sababu tuliahidi, bali kwa sababu hifadhidata ilipenda hivyo. Tulipobadilisha faharasa moja ya hifadhidata, mpangilio ukabadilika, na programu ya kikundi kimoja ikaanza kuchapisha barua zilizotiwa sahihi kwa jina la mwanachama aliyejiunga wiki iliyotangulia, kwa kuwa aliyeiandika alikuwa amegundua kwamba mtu wa kwanza kwenye orodha ndiye mwenyekiti siku zote.

Ndiyo maana mifumo mikubwa huogopa kuondoa hata kosa. Kichwa cha HTTP, yaani mstari wa maelezo unaoambatana na ombi au jibu la wavuti, kiitwacho Referer kinakosa herufi moja ya r. Kiliandikwa hivyo katika RFC 1945, hati ya kiufundi ya intaneti ya mwaka 1996, na hadi leo vivinjari vyote vinakituma kwa tahajia hiyohiyo mbovu. Katika mfumo endeshi wa Linux, wito uitwao dup, ambao programu hutumia kunakili kishikizo cha faili lililofunguliwa, ulipoonekana haukidhi, haukubadilishwa. Kukawa na dup2, kisha dup3, na yote matatu yapo. Haipendezi kuitazama orodha ya namna hiyo, lakini programu iliyoandikwa zamani bado inafanya kazi.

Ushauri wangu ni kuandika kiini kipya chenye maana sahihi: kiasi cha biti 64, simu kama maandishi yenye 256 mwanzoni, na nambari ya kumbukumbu ya lazima kwa kila tendo linalogusa fedha. Juu ya kiini hicho wekeni mlango mpya wa JSON. Kisha mlango wa zamani wa SOAP uandikwe upya kama tafsiri nyembamba inayoita kiini kilekile, ili wateja wa zamani wasijue kwamba nyumba imejengwa upya nyuma ya mlango wao. Wenzetu wa ng'ambo huifananisha mbinu hii na mtini unaoota juu ya mti mwingine na kuuzunguka polepole hadi wenyewe ukasimama. Hapa kwetu hatuna haja ya kwenda mbali, kwani mutuba, ule ambao Waganda huchuna gome lake kutengeneza lubugo, ni wa jamaa hiyohiyo, na porini huweza kuanza maisha yake juu ya mti wa mwenzake.

Binti_Mifumo (Kampala)

Naheshimu maneno ya Fundi, na kuhusu chombo na maana sina la kuongeza. Ila naona ameupita upesi mlango wa zamani, kana kwamba kuuacha wazi hakugharimu kitu.

Ndugu Mlinzi ametaja Visual Basic 6. Nauliza: programu hizo zinaendeshwa kwenye kompyuta gani? Ikiwa ni Windows XP, basi mfumo wenyewe hauna TLS 1.2, na ili kuihudumia mnalazimika kuacha seva yenu ikikubali TLS 1.0, ambayo pamoja na 1.1 ilikomeshwa rasmi kwa RFC 8996 mwezi Machi 2021. Hapo suala la mtindo wa XML linakuwa dogo. Mna sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inayowataka mlinde taarifa za wanachama, na mna mlango unaozungumza lugha ya usimbaji iliyokwisha kukataliwa, kwa ajili ya kompyuta moja iliyoko nyuma ya kaunta ya mtu. Mlango mwembamba wa tafsiri hauondoi tatizo hili hata ungeandikwa vizuri namna gani.

Gharama ya pili ni watu. Mko watatu. Milango miwili maana yake ni majaribio maradufu, maelezo maradufu, na simu mbili za kupokea usiku wa Jumapili. Pasipokuwa na tarehe, kitu cha muda hugeuka kuwa cha kudumu. Na hata tarehe yenyewe husogea: toleo la tatu la lugha ya programu ya Python, Python 3, lilitoka Desemba 2008, mwisho wa Python 2 ukapangwa 2015, ukaahirishwa, na ukafika tarehe 1 Januari 2020. Hiyo ni zaidi ya miaka kumi na moja, kwa mradi unaojulikana na waandishi wa programu duniani kote. Ninyi mna wateja 31, kwa hiyo hamhitaji miaka kumi na moja, lakini bila tarehe hata miaka hiyo haitawatosha.

Mimi ningefanya hivi. Marekebisho yote mapya yawe katika mlango mpya pekee, ili mwenye kuyataka awe na sababu ya kuhama. Mlango wa zamani upewe mwisho wa miezi kumi na minane. Kuna kichwa cha HTTP kiitwacho Sunset, kilichoelezwa katika RFC 8594 ya mwaka 2019, ambacho hutangaza siku ya kufungwa ndani ya kila jibu. Kiwekeni, lakini msijidanganye, maana programu iliyoachwa na mwandishi wake haina mtu wa kukisoma. Kinachowaamsha watu ni kuzima kwa majaribio: mnatangaza, mnafunga mlango wa zamani kwa saa moja, mnaona nani analalamika, mnaufungua tena. GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo wa programu, walifanya hivyo mwaka 2020 kabla ya kuondoa matumizi ya nenosiri katika API yao. Mtashangaa ni akina nani watakaopiga simu, na zaidi ni akina nani ambao hawatapiga.

Mweka_Hazina_Kasese

Wapendwa, mimi si mwandishi wa programu, natumia tu mfumo wa namna hii katika chama chetu, na nimeusoma mjadala huu kwa hofu kidogo. Naomba jambo moja kwa Dada Binti na wengine: hiyo saa moja ya kuzima isiangukie wiki ya kufungua shule. Kabla ya muhula, wazazi husimama foleni tangu alfajiri kutoa akiba ya karo, na mzazi aliyekosa fedha hatajali kwamba tulikuwa tunafanya majaribio. Isiangukie pia siku za kufunga hesabu kabla ya mkutano mkuu. Katikati ya mwezi, siku ya Jumanne au Jumatano alasiri, hatuna shida.

Na kuhusu akiba inayoingia mara mbili, kwetu imewahi kutokea. Mwanachama alikuwa amekwisha kuzitoa zote kabla hatujagundua. Kuzirudisha kulichukua miezi minne na vikao viwili vya wazee wa kijiji.

Mlinzi_wa_Seva (Mbarara)

Mwebale nnyo, nyote. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikwenda kwanza kusoma kumbukumbu za seva za mwaka mzima, kazi ambayo kwa kweli ilipaswa kutangulia swali langu.

Nimekuta kwamba kati ya zile 31, sita hazijaita kiolesura hata mara moja kwa mwaka mzima. Nilipopiga simu, vyama viwili kati ya hivyo vilikwisha kuungana na vingine. Programu tisa ndizo zinazoleta karibu maombi yote, na saba kati ya hizo waandishi wake wanajulikana. Nne hazina msimbo wake, yaani maandishi asilia ya programu, popote. Moja ni ile ya Visual Basic, na Dada Binti alikisia vyema, inaendeshwa kwenye kompyuta ya XP inayofunikwa kitambaa jioni ili isiingie vumbi. Pia nimekuta programu mbili ambazo hazimo kabisa katika orodha yetu, na bado sijui ni za nani.

Tumekubaliana ofisini kuanza na kiini na nambari ya kumbukumbu, kisha mlango wa JSON, na wale tisa wahame kwanza. Kwa zile nne zisizo na msimbo, imeonekana kwamba kuwaandikia wenyewe programu ndogo ya kivinjari kutagharimu chini ya kuulinda mlango wa zamani kwa ajili yao. Mkuu wetu bado ana methali yake, ila amekubali tuuweke msala kando ya mbachao kwanza.

Nimebaki na swali moja kwa Fundi. Mlango wa zamani ukiwa tafsiri nyembamba, utafanya nini na maombi ya kuweka akiba yanayofika bila nambari ya kumbukumbu? Mwenzangu anapendekeza tuitengeneze wenyewe kutokana na akaunti, kiasi na dakika, ili ombi la pili linalofanana na la kwanza litupwe.

Fundi_wa_Bombo

Mkatalie kwa upole. Mama anaweza kuweka shilingi 20,000 kwa ajili yake, na dakika hiyohiyo akaweka nyingine 20,000 aliyotumwa na jirani, kwenye akaunti ileile ya kikundi. Mkilitupa ombi la pili mtakuwa mmekula fedha yake kimyakimya, na hilo ni baya kuliko kuiandika mara mbili, kwa sababu fedha iliyojirudia huonekana katika hesabu za jioni, lakini iliyotupwa haionekani popote. Nambari ya kumbukumbu ina nguvu kwa sababu moja tu, kwamba hutengenezwa na anayeomba, kabla ya kuomba, naye ndiye anayejua kama anarudia au anaanza upya. Tazama API ya wazi ya MTN MoMo, huduma ya fedha kwa simu: anayeomba malipo hutuma nambari yake mwenyewe katika kichwa cha X-Reference-Id, seva hujibu 202 kwamba ombi limepokewa, kisha matokeo huulizwa kwa nambari ileile. Seva haikisii kitu.

Katika mlango wa zamani, basi, lipokeeni ombi la pili kama mlivyokuwa mkilipokea, lakini liwekeni alama ya kushukiwa na mzuie kutolewa kwa kiasi hicho hadi karani alithibitishe. Litakuwa ni lile lile sahihisho lenu la jioni, ila linafanyika kabla Mweka Hazina hajalazimika kuitisha wazee. Na zile jumla kubwa zinazogawanywa kwa elfu, ziacheni zigawanywe kwa zile programu mbili zilizozoea. Nyingine zote zirudishiwe hitilafu iliyo wazi badala ya nambari ya uongo.

Zile programu mbili zisizojulikana, anza nazo kesho asubuhi. Ikiwa zinaweka akiba, mtu fulani yuko kazini. Ikiwa zinasoma salio tu, badilisheni nywila leo usiku.